Kiwanja cha chubwi Malindi: miti ya kunyonya risasi ni kweli, au tunauziwa miche?

Mpwa wa Maweni

Assalaam aleikum wadau. Mnivumilie, habari ni ndefu kidogo.

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliacha kiwanja cha futi 50 kwa 100 huku Malindi, upande wa Maweni. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano alikipangisha kwa mafundi wa betri. Mchana wanachaji na kufufua betri za gari. Zile zilizokufa kabisa wanazipasua jioni, pleti za ndani zinayeyushwa kwenye karai, risasi inamiminwa kwenye kalibu za mchanga na kuwa chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi. Nadhani nusu ya wavuvi wa hapa mpaka Mayungu wameshatupa mshipi wenye chubwi iliyotoka uani kwa ami. Mafundi walihama mwaka jana, sasa kiwanja ni changu na mamangu.

Mama hakungoja ushauri wa mtu. Mvua za masika zilipoanza akatia mchicha, na mutsunga, ile mboga ya mwitu, umejiotea wenyewe. Mimi roho haitulii. Pale lilipokuwa jiko la kuyeyushia hapaoti hata ukoka, udongo una rangi ya kijivu kama majivu ya mkaa. Pembeni kuna mkungu mmoja mkubwa, umestawi ajabu, watoto wa mtaa huja kuokota kungu.

Juzi akaja bwana mmoja na pikipiki, miche kwenye viroba. Anasema ni miti ya kunyonya sumu ardhini. Shilingi 350 mche, nikipanda 40, baada ya miaka miwili udongo ni safi wa kulima. Kuna ukweli hapo? Nimeona pia video za wazungu wakipanda miti penye migodi, kwa hiyo siwezi kusema ni uongo mtupu.

Kichwa Maji

Hiyo miche majani yake yakoje? Madogo madogo ya mviringo, tawi jembamba?

Mpwa wa Maweni

Ndiyo hasa.

Kichwa Maji

Basi huo ni mlonge. Huku Kakuyuni ukivunja tawi la mlonge ukalichomeka ardhini, wiki ya pili lina majani. Shilingi 350! Mwambie arudi, nimuuzie ua langu zima.

Mwalimu wa Kemia

Msimcheke kijana, ameuliza la maana. Kuna kweli iliyochanganywa na maneno ya sokoni.

Mlonge umepata sifa hii kwa mbegu zake. Ukizitwanga ukazitia kwenye ndoo ya maji ya matope, protini yake hushika chembe za taka, zinashikana, zinazama chini. Hilo ni kweli na limepimwa. Lakini hayo ni maji kwenye ndoo. Mti wenyewe kusimama kiwanjani ukafyonza risasi ni jambo jingine kabisa. Mtu amesikia "mlonge husafisha" akamalizia mwenyewe.

Sasa upande wa kweli. Ipo mimea inayokusanya metali mwilini kwa kiasi cha kushangaza. Kaledonia Mpya, kisiwa cha Ufaransa kule Pasifiki, kuna mti ambao ukiukata unatoa utomvu wa rangi ya buluu-kijani, na utomvu huo ukikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Wanasayansi waliuandika mwaka 1976. Mwaka 2001 ikatangazwa kule Florida aina ya kangaga inayovuta aseniki. Na Ulaya wamefanya majaribio mengi na mierebi, ndiyo ile ya Zaburi waliyotundikia vinubi, kwa sababu inakua mbio, ukiikata inachipua tena, na inabeba kadimi na zinki kwenye majani na matawi.

Hebu tazama orodha hiyo tena. Nikeli, aseniki, kadimi, zinki. Risasi haimo. Risasi hung'ang'ania udongo: inashikwa na udongo wa mfinyanzi, na mboji, na chokaa, na fosfati. Ile kidogo inayoingia kwenye mmea nyingi yake hukwama mizizini, haipandi. Kwa hiyo mti unaweza kumea vizuri tu juu ya risasi bila kuigusa.

Mpwa wa Maweni

Mwalimu, na kama nina subira? Si miaka miwili, tuseme kumi au ishirini?

Mwalimu wa Kemia

Chukua kalamu.

Futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Udongo wa juu, sentimita 20 tu, ni mita za ujazo 93. Mchanga wetu mkavu tuuhesabu tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni kama tani 130. Tuseme kila kilo ya udongo ina miligramu 1,000 za risasi. Kwa uwanja wa betri si ajabu. Risasi yote basi ni kilo 130.

Sasa mti. Nauonea huruma, naupa kila nafasi. Miti inayokua mbio sana nikaipa tani 10 za majani na mbao kavu kwa hekta kwa mwaka. Kiwanja chako kitatoa kilo 465. Kila kilo ya mti naiwekea miligramu 20 za risasi, nao huo ni ukarimu. Zidisha: miligramu 9,300. Gramu tisa na kitu kwa mwaka mzima, kachubwi ka kuvulia tasi.

Wamarekani kwa miaka mingi walitumia miligramu 400 kwa kilo kama kipimo cha kushtuka kwenye makazi, Januari 2024 wakashusha hadi 200. Ili ushuke kutoka 1,000 hadi 200 lazima utoe kilo 104. Gawa kwa gramu tisa.

Miaka elfu kumi na moja.

Ingekuwa kadimi, mwerebi mzuri unaofikisha hizo miligramu 20, na unataka kushusha miligramu 3 tu kwa kilo, ungehesabu miaka arubaini na ushei. Bado ni umri wa mtu, ila angalau mjukuu ataona. Kwa risasi usimngoje mjukuu.

Kichwa Maji

Elfu kumi na moja! Na bwana wa pikipiki amesema miwili. Hakukosea sana, ni sifuri chache tu zimemdondoka njiani.

Mvumbuzi_254

Kuna dawa ya kumwaga kwenye udongo, inailegeza risasi halafu mmea unainyonya upesi. Nilisoma.

Mwalimu wa Kemia

Ipo. Miaka ya 1990 waliijaribu sana, inaitwa EDTA. Kweli risasi ililegea, mimea ikabeba zaidi. Lakini mmea haukuweza kuimaliza ile iliyolegea, mvua ikanyesha, risasi ikateremka kwenye maji ya chini. Sisi tumekaa juu ya mchanga na matumbawe, kila nyumba ya pili ina kisima. Ukimwaga kitu kama hicho Maweni, sumu ya uani kwako utaipata kwenye ndoo ya jirani. Tena na siki usimwage, wala maji ya betri yaliyobaki. Asidi ndiyo inayoifungua risasi.

Bint Amu

Salaam kutoka Amu. Yeo nimeusoma uzi wote, na naona mmeisahau mikoko.

Kaunti yetu ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, na mikoko ni hodari wa metali kwa ndia yake. Matope yale meusi yanayonuka yai viza hayana hewa. Ile harufu ni salfidi, na salfidi ikikutana na risasi, shaba au zinki hushikana nayo ikawa kitu kisichoyeyuka. Mizizi inazuia mkondo, matope yanatua, metali inazikwa. Mchu, mmoja wa mikoko, unaota palepale, unatoa chumvi kwenye majani (pitisha kidole utaiona ikimeta), lakini sumu nyingi haimo mtini, imo matopeni. Mti ni mlinzi wa kaburi, kama ungetaka kusema.

Ndiyo maana mzee mmoja wa majahazi hapa akasema: ukikata mikoko ukachimbua matope, hewa ikaingia, kile kilicholala kinaamka. Hakusoma kemia, na hakukosea.

Kwa hiyo hata kwetu jibu ni lile la Mwalimu. Mti haunywi sumu. Unaishikilia isiondoke.

Mwalimu wa Kemia

Bi Amu, umesema vizuri kuliko mimi. Hiyo kazi ya kushikilia ndiyo ninayotaka Mpwa aielewe. Tusiidharau kwa sababu si ile aliyouziwa.

Kisauni Kwetu

Nasoma kimya, lakini hapa lazima niseme. Sisi wa Mombasa tunaijua hii habari kwa machozi. Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani kwa makazi ya watu, kilifanya kazi kuanzia 2007 mpaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikazunguka, Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo yote. Na huo wote ni mjadala wa pesa. Udongo haungoji hukumu, watoto wanaukanyaga kila siku.

Na mtu asidhani ni kiwanda kikubwa tu kinachoua. Thiaroye-sur-Mer, pale Dakar, Senegal, watu walikuwa wakichekecha mchanga wa uwanja wa betri kutafuta vipande vya risasi, mchanga wakaubeba majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Mpwa, mamako ang'oe ule mchicha. Leo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naunga mkono. Niongeze la hospitali.

Kwa mtoto risasi huingia zaidi kwa mdomo. Mtoto anatambaa, anashika vumbi, anatia kidole kinywani. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya mara nne au tano zaidi ya la mtu mzima kwa kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ikishaingia hukaa mifupani miaka mingi. Mtoto haonyeshi chochote mpaka amechelewa darasani au ameanza kulialia tumbo na kufunga choo, na hapo watu wanatafuta minyoo.

Mboga: tatizo kubwa la mchicha ni udongo unaoshikamana na majani yaliyo karibu na ardhi, na mizizi kama muhogo na viazi inakaa ndani ya udongo wenyewe. Kuchemsha hakuitoi. Matunda ya juu mtini, nazi, embe, huwa na risasi kidogo sana ndani yake. Ila lile lililoanguka likajifinyanga vumbini, mtoto akalifuta kwa shati, ni habari nyingine.

Kwenye kaya yenu kama kuna walio chini ya miaka sita, ombeni kipimo cha risasi kwenye damu. Kituo kidogo hakina, watawaandikia mahali pa kwenda. Na viatu vya kiwanjani vibaki nje ya mlango.

Mpwa wa Maweni

Mchicha umeng'olewa. Mama amenuna, ameniambia "babu zako walikula udongo mbaya kuliko huo." Nimemtafutia magunia na udongo kutoka Magarini, atapanda huko kwa dada. Watoto wawili wa dada tunawapeleka kupima.

Sasa niambieni. Kama mti haunyonyi, nipande au nisipande?

Mwalimu wa Kemia

Panda, lakini usianze na mti. Anza na kipimo. Wale wanaopima udongo wa wakulima watakupa asidi, naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Risasi haimo mpaka uiombe kwa jina. Maabara ya Mkemia wa Serikali ipo Mombasa, uliza hapo. Chukua udongo sehemu kadhaa, usichanganye wa jikoni na wa uani kwenye mfuko mmoja. Sentimita tano za juu peke yake, hizo ndizo vumbi la mtoto, halafu za chini peke yake.

Penye jiko pataonyesha kiasi kikubwa sana, na hapo hakuna mti wala dua. Panachimbwa. Nigeria, Zamfara, mwaka 2010 walikufa watoto 400 na zaidi kwa vumbi la risasi la wachimba dhahabu. Vijiji vilisafishwa kwa jembe, wakatoa udongo wa juu, wakaweka safi. Lowesha kwanza ili vumbi lisipae, funga pua na mdomo, na ule udongo usiutupe dampo wala kujazia shimo la barabara. Ni taka hatari, NEMA, mamlaka ya mazingira, inao wasafirishaji wenye leseni.

Sehemu iliyobaki, ile ya kati na kati, ndiyo kazi ya miti. Mwaga samadi kwa wingi na unga wa mifupa. Fosfati ya mifupa ikikutana na risasi hutengeneza madini magumu ambayo hata tumbo linahangaika kuyafungua. Chokaa weka tu kama kipimo kinaonyesha asidi ya betri bado ipo, ardhi yetu ya matumbawe kwa kawaida haihitaji. Halafu funika. Ukoka chini, miti juu.

Mti gani? Usipande kinacholiwa wala kinachotiwa mdomoni. Mwarobaini unakua vizuri, lakini wiki ya kwanza utakuta jirani amekata mswaki na bibi amekuja kuchuma majani ya homa. Mlonge ndio kabisa, majani yake ni mboga. Mimi ningepanda mvinje.

Kichwa Maji

Mvinje tena? Ile ya pwani ya hoteli?

Mwalimu wa Kemia

Hiyohiyo. Nakumbusha tu Bamburi, kule Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo Mswisi, alipewa machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu na maji ya chumvi. Akajaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, mvinje ukiwa mmoja. Mizizi yake ina bakteria wanaojitengenezea naitrojeni. Tatizo likawa majani yake hayaozi, yamejaa tanini, yakawa zulia kavu. Akaleta jongoo wakala, wakatoa mboji. Pale hapakuwa na habari ya risasi, natoa mfano wa mti kutengeneza udongo pasipo na udongo.

Na kwako hata lile zulia lisiloozeka haraka ni faida, linalaza vumbi. Upepo wa kusi unapiga hapo miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo panda mstari wa kwanza upande wa jirani wa kaskazini, ndiye anayekula vumbi lenu. Miti ikikua uza nguzo za kujengea. Usiifanye kuni. Moto hauunguzi metali, kilichomo mtini kinabaki jivuni au kinapanda na moshi.

Bint Amu

Na majivu yale mtu atayatia kwenye bustani akisema ni mbolea. Nawayua watu wetu.

Mpwa wa Maweni

Wadau, narudi baada ya kimya kirefu.

Majibu ya udongo: penye jiko ni maelfu, yule wa maabara alinipigia simu mwenyewe kuuliza huu udongo nimeutoa wapi. Katikati ya kiwanja ni mia nne na ushei. Mpakani, upande wa barabara, chini ya hamsini. Watoto wa dada, mmoja damu yake ina risasi ya kufuatiliwa, atarudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Tumeambiwa ale vyakula vyenye madini ya chuma, anywe maziwa, na asikanyage kule.

Mivinje 30 imeshika. Nilinunua shilingi 50 mche. Yule bwana wa pikipiki nilikutana naye sokoni, sasa anauza miche ya kufukuza nyoka.

Karibu na mkungu sikupima. Mti umestawi sana, nikaona hapo pako sawa, nikaokoa pesa ya sampuli moja.

Fundi Mstaafu

Marahaba kijana, ingawa hujaniamkia kwa sababu hunijui. Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanja hicho cha ami yako miaka tisa. Nimekuwa nikiusoma uzi huu tangu mwanzo na nafsi inanisuta.

Jiko mlilolipima si penyewe. Penyewe ni makapi. Ukiyeyusha risasi juu yake panabaki uchafu mweusi, mzito, na masanduku ya betri, na zile pleti zilizooza. Ami yako hakutaka tuyamwage barabarani, tukachimba shimo la kimo cha mtu, tukajaza, tukafukia. Lilipojaa tukachimba la pili pembeni yake. Baadaye tukapanda mti juu ili pawe na kivuli cha kupumzikia.

Mpwa wa Maweni

Shikamoo mzee. Mti upi?

Fundi Mstaafu

Huo mkungu. Una miaka kumi na mbili sasa, na kilichoko chini kingali chini kama tulivyokiacha.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Watoto wanaookota kungu ni wa nyumba ngapi?

Mpwa wa Maweni

Sita, saba. Naweka ua wa makuti jioni hii.

Fundi Mstaafu

Usichimbe chochote kabla sijafika. Nakuja Jumamosi asubuhi nikuonyeshe lilipo shimo la pili, mnaweza kuanza upande usiofaa mkavuruga yote mawili. Na mtafutie mamako kiti, nitataka kumwomba radhi nimekaa.